Dakika Tisini za Lwitiko

Kati ya mwezi wa pili na mwezi wa sita mwaka huu mume wangu alicheza mpira kwa dakika kumi na tisa. Nazijua kwa sababu alinisimulia zote, moja baada ya nyingine, mimi nikiwa namenya viazi na yeye amekaa kwenye ndoo kanigeuzia uso wa furaha. Sita dhidi ya timu ya Mlowo, nne kwenye mechi ya kirafiki, na tisa siku ya mvua, kocha alipomwingiza kwa kuwa wengine walikuwa wamechoka kuteleza. Muda wote uliobaki alikuwa anasugua benchi. Mwanaume wa miaka thelathini na mbili, baba wa mtoto, fundi wa matairi anayejulikana na madereva wa foleni nzima ya malori hapa Tunduma, amevaa soksi ndefu na kazi yake ni kupiga makofi.

Mimi naitwa Ferista. Nimezaliwa Ruanda, kule Mbozi kwenye kahawa, na mpira siujui wala siupendi. Nina mgahawa wa mabati karibu na foleni, nauza ugali, maharage na nyama. Madereva wa Zambia huniita bamayo, yaani mama, hata wenye mvi. Timu yenyewe inaitwa Foleni FC, maana ilianzishwa na mafundi na matingo waliokuwa wakikaa siku tatu wakingoja magari yao yavuke mpaka wa Zambia. Kwa miaka saba jezi namba tisa ilikuwa ya Lwitiko. Niliifua mwenyewe, nikaishona kwapani mara mbili.

Kisha akaja Gwalugano kutoka Mbebe, milimani Ileje. Kijana wa miaka ishirini, mpole, akila anaosha sahani yake mwenyewe. Nilitafuta sababu ya kumchukia nikaikosa. Kosa lake lilikuwa moja tu, anajua mpira. Hata mimi nisiyejua kitu niliona kwamba akiushika, watu wanaacha kutafuna karanga.

Lwitiko hakununa. Ningemwelewa zaidi kama angenuna. Badala yake aliacha bia, akawa anaamka kabla ya jogoo na kukimbia hadi njia panda ya Sumbawanga na kurudi, baridi ya mwezi wa sita inauma mpaka mifupani. Jioni mazoezi yakiisha alimzuia Gwalugano uwanjani amwonyeshe namna ya kugeuka na beki mgongoni. Fikiria, mtu anamwomba aliyempokonya namba amfundishe. Anarudi magoti yamechubuka, namkanda kwa maji ya moto, namwambia, "Utacheza tu, baba Dina." Maneno yalinitoka kirahisi sana.

Wiki moja kabla ya mambo kuharibika, kocha Yesaya aliwaambia wachezaji kwamba baada ya mechi ya Jumamosi ataandika majina ishirini na tano ya ligi ya mkoa. Halafu akamwita Lwitiko pembeni.

"Umri umekwenda, bwana," alimwambia. "Jumamosi nitakupa dakika ishirini za mwisho. Ukinifaa, nakuandika. Usiponifaa, tusisumbuane tena."

Mume wangu alinisimulia hayo huku macho yanang'aa, kana kwamba kapewa shamba. Mimi niliogopa. Dakika ishirini! Baada ya miezi mitano ya kuganda kwenye benchi, atafanya nini katika dakika ishirini? Nilimwona tayari amerudi nyumbani, kakaa kwenye ile ndoo, hana la kusimulia.

Wiki hiyohiyo Gwalugano alipata kibarua cha kupakua mahindi upande wa pili wa mpaka, Nakonde. Pia alikuwa ameacha simu yake ya kitochi na kununua simu kubwa ya kioo. Sisi wenyeji tunajua adha ya simu hizo. Zambia wako nyuma yetu kwa saa moja, na simu ikinasa mtandao wao, inajirudisha saa yenyewe bila kukuuliza, na namba yako ya Tanzania haipatikani tena. Wageni wengi wamekosa mabasi kwa ajili hiyo. Gwalugano hakuwa amejua bado.

Jumamosi alitoka Nakonde moja kwa moja, vumbi la mahindi kichwani, akaja kula kwangu. Lwitiko alikuwa ameshatangulia uwanjani kufunga nyavu. Mechi ilikuwa saa kumi. Redio yangu ilikuwa imetoka kutangaza saa tisa.

Gwalugano alimaliza ugali, akatoa simu yake, akaitazama.

"Shemeji, kumbe ni saa nane tu," alisema. "Nimepakua tangu alfajiri. Naweza kujinyoosha pale nyuma? Naweka alamu ya saa tisa."

Nilikuwa na mwiko mkononi. Ningesema neno moja tu. Hata kikohozi kingetosha, angeniuliza kuna nini.

"Lala, baba," nilimwambia. "Umechoka."

Akajilaza kwenye benchi la nyuma, kiganja chini ya shavu. Usingizi ulimchukua palepale. Nikamfunika kitenge changu. Halafu nikaenda nikapunguza sauti ya redio mpaka ikawa haisikiki. Hilo ndilo ninalolikumbuka zaidi, maana kukaa kimya mtu anaweza kujidanganya kwamba alisahau. Redio niliifuata kwa miguu yangu.

Alamu ililia saa kumi kamili za kwetu. Aliamka ananishukuru, akanawa uso, akaondoka anatembea zake taratibu. Alifika uwanjani, mpira umeanza zamani, na kocha, ambaye alikuwa amempigia mpaka akachoka, hakutaka kusikia habari za simu. Jezi namba tisa ilikuwa mgongoni mwa Lwitiko.

Alicheza dakika zote tisini. Akafunga goli moja, tukashinda mawili kwa moja, na jioni hiyo alinisimulia mpaka chakula kikapoa. Kocha alikuwa ameliandika jina lake. La Gwalugano alilikata kwa kalamu nyekundu. Alisema mtu anayelala siku ya mechi akalale kwao.

"Vijana wa sasa hawana nidhamu," Lwitiko alisema, na nikamjibu ndiyo. Nilimtazama anavyocheka na Dina, nikajiambia nimefanya jambo jema. Nilijiambia hivyo mara nyingi sana usiku ule.

Jumapili tulipotoka kanisani Gwalugano alikuja nyumbani na begi lake begani. Anarudi Mbebe kwa mama yake.

"Nimekuja kuaga, kaka," alisema. Kisha akanigeukia. "Na wewe shemeji, nisamehe. Ulinilaza kwa wema, mimi nikalifanya benchi lako kitanda cha nyumbani."

Lwitiko alianza kumpa mawaidha ya kaka mkubwa, kwamba maisha ni kujituma na kujali muda. Kijana ameinamisha kichwa, anaitikia, "Sawa kaka, ni kweli kaka." Aibu ile siwezi kuieleza.

"Mimi nilijua," nilisema.

Wakanitazama wote wawili.

"Nilijua simu yake imeshika saa ya Zambia. Nilimwambia alale. Nikapunguza redio asisikie."

Gwalugano alicheka kidogo, akidhani ni utani. Halafu akaacha. Mume wangu hakunifokea. Alimvua yule kijana begi begani, akaliweka chini karibu na mlango.

"Twende kwa kocha," alimwambia.

Walikaa huko muda mrefu. Jua lilikuwa linazama Lwitiko aliporudi peke yake. Alikaa, safari hii kwenye kiti, mbali kidogo nami.

"Kamrudisha?" niliuliza.

"Kamrudisha."

"Na wewe?"

"Kanitoa. Anasema tulipanga wote wawili, mke na mume."

"Lakini wewe hukujua chochote! Nitakwenda mwenyewe nimwambie. Nitapiga magoti."

"Usiende."

"Kosa ni langu, baba Dina. Nilifanya kwa ajili yako. Ulikuwa unaitaka namba ile kuliko kitu chochote."

"Niliitaka," alisema. Hakuwa na hasira, na hilo ndilo lililoniogopesha. "Nilikuwa nimepewa dakika ishirini. Nilizikimbilia miezi mitano. Pale gereji walinicheka, kocha alinionea huruma, hata ndugu zangu walisema niache utoto. Nikawa nasema moyoni, si kitu, nyumbani yupo mmoja anayejua kwamba dakika ishirini zinanitosha."

Alinitazama usoni.

"Kumbe na wewe ulikuwa unajua sitaweza."

Dina aliita kutoka jikoni kwamba maji yamechemka. Nilitaka kumwambia Lwitiko kwamba si kweli, kwamba siku zote nilimwamini. Nilifungua mdomo nikatafuta pa kuanzia. Yeye alingoja, alingoja kwa muda mrefu kuliko nilivyostahili, halafu akainuka akaenda kumwepulia mtoto maji.