Chanja za Kibirizi

Siku yangu ya kwanza kazini nilipewa kiboksi cha baridi na amri moja. Mganga Mfawidhi, yaani mkuu wa kituo, alikuwa na sauti ya puani kama mbuzi aliyeshiba: "Mamaaa, hiki ukikiacha juani, umebeba maji." Maana chanjo ikipata joto inakufa, na ikiganda inakufa vilevile. Nikakibeba kichwani kama nimebeba mayai ya mkwe.

Shule sikuingia, ila mdomo Mungu alinipa. Kazi ikawa kubeba kiboksi na kuita watu. Nimeita Mwandiga, nimeita Katonga, lakini Kibirizi ndiko nilikoivia.

Hapo tukaletewa Sista mgeni, muuguzi anayeongea kama anabembeleza mtoto alale. "Mama, watangazie, kesho chanjo ya nyongeza. Watoto waliochanjwa zamani, na wajawazito." Nyongeza ni sindano ya kuukumbusha mwili, maana nguvu ya zile za kwanza hupungua. Inazuia pepopunda inayokaza taya na dondakoo linaloziba koo. Ya watoto inazuia na kifaduro, kile kikohozi cha kukata pumzi.

Nikapita mwaloni na spika ya mkononi. Injini za mitumbwi zinaunguruma, upepo wa ziwa unavuma. Asubuhi wanawake wamejaa, wengine na nyavu begani, mmoja na nyundo. Watoto hawapo.

"Ziko wapi?" akauliza Stamili, mwanika dagaa, tumbo limemtangulia.

"Nini?"

"Chanja. Jana si umepita unapiga kelele, chanja za nyongeza? Mie zangu zimeoza."

Chanja, kwa wasiojua, ni kile kitanda cha miti na wavu cha kuanikia dagaa.

Nilipowaeleza wakasonya, wakageuka, Stamili mbele. "Sindano nilishachomwa mimba iliyopita. Yatosha." Huyo ndiye niliyemhofia kuliko wote. Anashinda peku kwenye misumari ya kutu, anazalia nyumbani kwa wembe wowote, na kichanga cha jirani yake kilishakufa kwa pepopunda ya kitovu.

Nikamfuata. "Wee Stamili, ukinunua maharage Mwandiga, lile kopo la kupimia, sado, likijaa, unaondoka?"

"Naondokaje bila nyongeza?"

"Basi ile ya mwanzo ilikuwa sado. Nyongeza yako imo humu kwenye boksi, na mwanao tumboni ana fungu lake. Unamwachia nani?"

Akasimama. Sista naye, kwa sauti ya usingizi: "Karibu mama, yako nitaijaza mpaka juu."

Mwalo mzima ukacheka. Stamili akaketi, akatoa bega, akafumba macho. "Ila chanja bado nazidai." Wenzake wakarudi kufuata watoto.

Alijifungua salama binti, kitovu kikapona vizuri. Wakamwita Chanja. Jina la shule analo, halitumiki.

Sasa nimestaafu, magoti yamekataa mchanga. Mkiniuliza kazi ile ilinipa nini, nendeni Kibirizi mkamtazame Chanja akiuza dagaa. Nikifika ananijazia sado, kisha anachota kiganja kizima juu yake, ananiiga, mshenzi yule, kwa sauti ya spika: "Nyongezaaa, watoto na wajawazito."

Juzi nilimtazama gauni, limembana mbele. Nikamuuliza, "Na wewe yako umeshachukua?"

Alipandisha mkono wa gauni, akanionyesha bega.