Kisamvu na Bonge la Moyoni

Nilipopata shambulio la moyo nilidhani ni gesi. Nikanywa maji ya tangawizi, nikaendelea kusahihisha insha za wanafunzi. Hayo ndiyo matunda ya elimu yangu ya chuo kikuu.

Siku kadhaa baadaye, hospitalini, daktari alinipaka jeli ya baridi kifuani, akapitisha kifaa cha mawimbi ya sauti, kisha akanigeuzia skrini. Kwenye ncha ya chumba cha chini cha kushoto cha moyo msuli ulikuwa umekufa. Damu ilituama pale kama maji ya mtaro wa mtaa wa Ngamiani, ikaganda. Bonge lilikuwa kubwa kiasi cha kokwa ya tende.

"Likikatika?" nikauliza.

"Litakwenda na damu. Mara nyingi huishia kwenye ubongo."

Nikakishika kichwa changu, kiungo pekee kilichowahi kuniletea riziki.

Akaniandikia warfarini, vidonge vya kuzuia damu isigande, na kila wiki nikawa napimwa kama damu imefika kiwango cha wepesi alichotaka. Haikufika. Akaongeza dozi. Haikufika.

"Unavimeza kweli, baba?"

Niliapa. Akaniuliza ninakula nini.

Kwetu mgonjwa hajuliwi hali mikono mitupu. Zilipoenea habari kwamba tatizo langu ni damu, kila nyumba ikajua tiba yake: majani. Kisamvu cha nazi kilitoka Nguvumali, mchicha ukatoka Makorora, matembele kwa jirani wa ukuta kwa ukuta. Dada yangu mkubwa, aliyehamia kwangu kuniuguza, alihakikisha sibakizi.

Daktari akavua miwani. Majani hayo, akasema, yana vitamini inayosaidia damu kuganda. Kila bakuli la upendo lilikuwa linaifuta dawa. Hakunikataza kula. Alitaka kiasi kilekile kila siku, ili dozi ipangwe kwa chakula hicho.

Kurudisha chakula cha mtu Tanga ni kutangaza vita, nami si mtu wa vita. Nilimwachia dada. Akaweka kiti barazani, upawa mkononi.

"Mgonjwa upawa mmoja tu, shoga. Kinachobaki nakula mimi."

"Mgonjwa wa kunyimwa kisamvu!" jirani aling'aka. "Dada gani wewe?"

"Dada anayetaka azikwe na mdogo wake, siyo amzike yeye. Lete bakuli."

Wiki chache baadaye damu ikafika kiwango, ikatulia hapo. Baada ya miezi kadhaa nikalala tena chini ya jeli ya baridi. Daktari akaitafuta ile kokwa nchani, akaitafuta kwa pembe nyingine, akarudi pale pale. Nilihesabu vigae vya dari, kwa kuwa sikutaka kumtazama usoni.

"Hakuna kitu," akasema.

Dada alikuwa kwenye benchi la nje, amenenepa kuliko nilivyowahi kumwona.

"Limetoka?"

"Limeyeyuka."

"Alhamdulillahi," akasema, akilegeza kanga kiunoni. "Maana kisamvu cha watu kimeshanimaliza."