Malimbikizo ya Goti la Mjomba

Mimi sikubebwa na mtu. Nilifika Stockholm mwishoni mwa miaka ya sitini na sanduku moja, nikasoma ufundi wa mitambo kwa Kiswidi nilichojifunza mwenyewe huku nikifagia ghala kule Jordbro, nikarudi nyumbani na diploma ambayo wilayani kwetu hakuna mwingine aliyekuwa nayo. Nayasema haya kwanza, maana yanayofuata hayanipi sifa.

Mwaka wangu wa tatu nilipokea bahasha nene kutoka kwa mjomba wangu, kaka yake mama. Alipigana Bama, kwenye Vita Kuu ya Pili, katika jeshi la mkoloni, akarudi na goti lililovunjwa na kipande cha bomu, na tangu hapo alitembelea fimbo bila kulipwa chochote. Sasa alikuwa amesikia kwamba askari wa zamani waliolemaa vitani wanaweza kuomba pensheni. Alinitumia cheti chake cha kuachishwa jeshi na barua ya daktari. Karani wa bomani angeweza kumwandikia ombi, lakini yeye alimtaka mpwa wake aliyeko Ulaya.

Barua niliimaliza Jumapili moja, ukurasa mmoja wa Kiingereza safi. Ilibaki sahihi tu, na hapo ndipo nilipokwama. Chini ya jina langu ningeandika nini? Mwanafunzi? Mfagiaji? Nilibakiza miezi kumi kupata diploma. Nilijiambia kwamba wakubwa wa ofisi ya pensheni wataiheshimu zaidi barua ya mtu mwenye cheo, na kwamba Mjomba amengoja zaidi ya miaka ishirini na tano, miezi kumi si kitu. Tena niliamini kwamba wakikubali, watamlipa malimbikizo tangu siku alipoumia, kwa hiyo kuchelewa hakumpunguzii senti. Nikaitia barua ndani ya kamusi.

Mkenya mmoja niliyekaa naye chumba kimoja aliiona. "Bwana, hii si ya kupelekwa posta?"

"Inangoja diploma."

Akacheka. "Kwani iliyovunjika goti ni diploma?"

Nikadhani ni wivu, kwa kuwa yeye alikuwa amefeli mtihani mara mbili.

Diploma ilipotoka nikaipiga barua taipu upya, cheo changu kikakaa chini ya sahihi kwa herufi kubwa, nikaipeleka posta. Baada ya miezi minne Mjomba alinitumia jibu nimfasirie. Ombi limekubaliwa. Malimbikizo yatahesabiwa tangu tarehe ombi lilipopokelewa ofisini. Niliusoma mstari ule mara nyingi, nikitafuta Bama ndani yake. Haikuwamo. Kilichohesabiwa ni muhuri wa mapokezi. Mjomba alipata malimbikizo ya miezi minne, na ile kumi iliyokaa kwenye kamusi ilipotea. Cheo changu hawakukitaja. Mkenya alisoma, safari hii hakucheka, akaenda kuchemsha chai.

Nilimwandikia Mjomba kwamba wanahesabu tangu siku ombi linapofika. Sikuandika lilikuwa limekaa wapi. Ningeweza pia kumfidia kidogo kidogo, maana nilikwisha kuajiriwa kiwandani kwa mshahara mzuri. Nilinunua suti.

Niliporudi, katikati ya miaka ya sabini, Mjomba aliwaita majirani na kuchinja jogoo. Nyumba yake ilikuwa imeezekwa bati upande wa mbele tu. Malimbikizo yaliishia hapo. Upande wa nyuma, anakopika mkewe, ilikuwa bado nyasi, tena zinavuja. Mkewe aliniuliza, kwa upole kabisa, kwa nini zile pesa hazikutosha kufika upande wake.

Mjomba akawahi kumjibu. "Usimuulize yeye. Kosa ni langu. Niliona haya kumsumbua mtu anayesoma, nikakaa na makaratasi mpaka nikachelewa." Akanigeukia. "Au siyo, mpwa wangu?"

Majirani walikuwa wameacha kula, wanamngoja msomi aseme.

"Ndiyo, Mjomba," nikasema. "Ulichelewa kidogo."

Akaegemea fimbo yake, akasimama, na mbele ya watu wote akamwomba mkewe radhi. Mkewe akasema yamekwisha, akaniongezea nyama.