Picha za Pasipoti za Tumbusi

Shangazi yangu alipiga picha za pasipoti karibu maisha yake yote, na mtaa mzima ulimwita Usicheke, kwa kuwa hilo ndilo neno la kwanza mteja alilosikia akishakaa kwenye kigoda. "Usicheke. Kidevu chini. Masikio yaonekane." Aliyasema hayo kwa mzee, kwa mtoto, hata kwa askari. Studio yake ilikuwa chumba kimoja chenye pazia la buluu, taa mbili za mwavuli, kioo kilichofungiwa chanuo kwa uzi ili wateja wasiondoke nalo, na koti jeusi la kuazima. Koti hilo limo kwenye vitambulisho vya nusu ya wanaume wa mji huu. Ukivipanga pamoja utadhani wote ni watoto wa tajiri mmoja mwenye wake wengi.

Nyuma ya pazia kulikuwa na chumba cha pili, na humo ndimo alimoishi, peke yake. Hakuolewa, na aliyethubutu kumuuliza sababu aliulizwa naye aliolewa kwa sababu gani. Baba yangu, ambaye ni kaka yake, alimbembeleza miaka nenda miaka rudi ahamie kwetu. Alikataa. Mimi nilikwenda kwake Jumamosi, nikimfulia na kumsikiliza, maana mtu anayeishi peke yake huweka maneno ya wiki nzima na kummwagia wa kwanza kuingia.

Simu zenye kamera zilipoenea, wateja wakampa kisogo. Jumamosi moja nilimkuta anapangusa lenzi iliyokwisha kung'aa zamani.

"Jana sikutoa sauti mpaka jioni," aliniambia, kama mtu anayesimulia habari za mvua. "Muuza maji alipopita nikataka kumwita, koo limekauka. Nikapiga makofi."

Nilicheka, naye akacheka. Niliporudi nyumbani nililia.

Mambo ya tumbusi yalianza siku alipoitwa machinjioni kuwapiga picha wafanyakazi. Nyuma ya machinjio kuna uwanja wa kutupia mifupa na matumbo, umezungushiwa ukuta, na juu ya ukuta ule hukaa wale ndege wa mizoga. Alipokuwa akifungasha vitu vyake, mmoja akamgeukia, akateremsha kidevu, akatulia. Shangazi akabonyeza.

"Maisha yangu yote," alisema akinionyesha, "huyu ndiye mteja wa kwanza aliyejua kukaa bila kuambiwa."

Nilikunja pua. Uso mtupu wa rangi ya waridi, shingo ya mikunjo, kofia ya manyoya ya kahawia kisogoni. Lakini yale macho, sipendi kukiri, yalikuwa macho ya mtu aliyekaa foleni hospitali tangu asubuhi na bado hajaitwa.

Akawa anakwenda kila asubuhi kabla ya kufungua studio. Alivaa gauni lilelile la kijivu na kukaa juu ya ndoo ileile iliyopinduliwa, wamzoee. Mwanzoni walimkimbia mara tu alipoingia. Kisha wakawa wanamkimbia akinyanyua kamera tu, na mwishowe wakaacha kabisa kumjali. Ilichukua zaidi ya mwaka. Wachinjaji walimwona amerukwa na akili, naye aliwaona wana kelele. Alirudi ananuka kiasi kwamba mwenye duka jirani alifunga dirisha la upande wetu, nikamwambia shangazi, akasema duka lenyewe lina panya.

Aliwapa majina. Karani alitembea kwa madaha, kichwa upande. Bi Harusi alikuwa kijana, mwenye rangi iliyopauka. Halafu Mama Mkwe, jike kubwa lililokutazama toka miguuni hadi kichwani na lisiridhike. Siku moja huyo Mama Mkwe alisogea akadonoa kamba ya kiatu cha shangazi.

"Amenigusa," aliniambia, na uso wake wote ulikuwa umechanua.

Nilishikwa na wivu. Nilikuwa nimetoka kumkumbatia mlangoni muda huohuo, na hakusema lolote.

Alichukua pazia kuukuu la studio akalipigilia misumari ukutani machinjioni, nyuma ya pale walipopenda kutua, ili kila ndege apate mandhari ya buluu. Picha zake zikawa picha halisi za pasipoti: uso mbele, kidevu chini, hakuna anayecheka. Akazikuza na kuzitundika kwenye dirisha la studio katikati ya picha za mabibi harusi, na chini yake akaandika kwa mkono: "Huyu anasafisha mji wako bure. Wamebaki wachache. Usimwekee sumu." Mama mmoja alikuja juu, eti binti yake hawezi kukaa dirisha moja na nuhusi.

"Basi mchukue binti yako," shangazi akamjibu. "Nafasi yake inahitajika."

Neno sumu hakuliweka kwa mapambo. Mimi nilipokuwa mdogo paa la machinjio lilikuwa jeusi kwa tumbusi. Mbwa wasio na wenyewe walipozidi, ofisi ya mji ikatega nyama yenye sumu. Mbwa walikufa, tumbusi wakala mbwa, nao wakafa chini ya ukuta, wakazolewa kwa toroli. Ikafanyika hivyo tena na tena. Tumbusi hutaga yai moja tu kwa mwaka, kwa hiyo hawarudishi haraka waliopotea. Waliobaki walitosha juu ya ukuta mmoja na nafasi ikabaki.

Sasa mbwa alimng'ata mtoto karibu na shule, na gari la vipaza sauti likapita likitangaza kwamba sumu itategwa upya. Shangazi akatia picha zote kwenye mkoba, akaniburuta mpaka kwa Bwana Afya wa ofisi ya mji.

Ilikuwa ofisi ndogo yenye feni isiyozunguka. Shangazi hakutoa hotuba. Alipanga picha mezani moja moja, kama anayeombea watu kazi. Bwana Afya akaangua kicheko.

"Mama, huyu mbona anafanana na mjomba wangu?"

"Nitamfikishia salamu."

Akaendelea kuzitazama, na kicheko kikamwisha polepole. Akaiinua ya Mama Mkwe, akaisogeza kwenye mwanga.

"Sikujua wana sura," alisema. "Lakini mama yangu, mbwa wana kichaa. Yule mtoto bado anachomwa sindano. Nikizuia sumu halafu mtoto mwingine akafa, nitamwambia nini mzazi wake?"

Shangazi alizinyoosha picha ambazo tayari zilikuwa zimenyooka.

"Ninachoweza ni hiki," Bwana Afya akaendelea. "Vijana wangu watakusanya mizoga kila jioni waichome. Kutwa nzima kabla ya hapo, kama kuna mtu wa kuwafukuza hao ndege wasitue, mimi sina neno."

"Kuwafukuza vipi?"

"Mawe. Fimbo. Madebe. Wasiguse chini hata kidogo."

"Mimi wamenizoea," shangazi alisema.

"Basi itabidi waache."

Njiani nilimwambia tuwape vibarua kazi hiyo. Alisema kibarua atakwenda kula mchana, na mchana ndipo wanaposhuka. Nikaomba ruhusa kazini nikaenda naye.

Asubuhi ya kwanza mbwa wawili walikuwa wamelala uwanjani, miguu imekakamaa. Nilipiga debe, nikapiga kelele mpaka sauti ikakatika. Tumbusi walinikimbia mimi vizuri sana. Walinikimbia, wakazunguka juu, wakashuka kwa shangazi. Katika uwanja mzima, pale aliposimama yeye ndipo palipokuwa salama kwao. Mama Mkwe akatua karibu na kiatu chake, akaanza kutembea kuelekea kwa mbwa.

Shangazi alipiga makofi. Mama Mkwe akamtazama toka miguuni hadi kichwani, akaendelea na safari yake.

"Shangazi, mpige!" nilisema.

Huyu ni mtu ambaye hakuninyanyulia mkono hata nilipovunja taa yake ya studio. Aliinama akaokota jiwe, akalishika kwa muda, kisha akalirusha kwa nguvu zake zote. Lilimpata ndege kwenye bawa. Mama Mkwe alitoa mlio mkavu, akajikwaa, akaruka kwa taabu mpaka juu ya ukuta, na kutoka kule akamtazama. Shangazi akaokota lingine. Alirusha mawe kutwa, siku ile na zile zilizofuata, akitukana matusi ambayo sikujua anayajua, machozi yakimtiririka, na hakuyafuta kwa kuwa mikono ilikuwa na kazi. Wiki ilipokwisha walikuwa wanamkimbia yeye kabla ya mimi.

Hakufa tumbusi hata mmoja. Bwana Afya mwenyewe alifika studio kutoa shukrani, akaomba picha moja ya kutundika ofisini. Akachagua ya Karani. Mlangoni akageuka akasema kwamba mwakani sumu itarudi, mbwa hawana mwisho.

Shangazi alijaribu kurudi na kamera yake. Alipotokeza tu getini uwanja mzima uliinuka. Akabadili gauni, akajitanda kanga, akaja na mwavuli, akaja bila kamera, ikawa yaleyale. Picha za siku zile ninazo: ukuta, pazia la buluu, na ncha ya bawa pembeni. Akarudi kukaa studio kutwa na mlango wazi. Baba alimwomba tena ahamie kwetu. Safari hii hakukataa, na hilo lilinitisha zaidi.

Jumamosi iliyofuata alinivalisha kamera shingoni tukaenda machinjioni pamoja. Hakuingia. Alijibanza nje ya ukuta, mgongo kwenye matofali, mahali wasipoweza kumwona, akanisukuma niingie. Mimi walikuwa wameshanisahau, au hawakuniona wa maana. Nilisimama mbali nikapiga picha chache zilizotikisika.

"Yupo?" aliniuliza kutoka upande wa pili.

"Yupo. Bawa lake limeshuka kidogo."

"Anaruka?"

"Anaruka. Sasa anakula, anawasukuma wenzake."

Nikapiga hatua mbele ili nimpatie picha nzuri zaidi, na Mama Mkwe akainua kichwa, akanitazama toka miguuni hadi kichwani, wala hakuruka. Nikamwambia shangazi kwamba anakubali, kwamba nikija kila wiki labda nitamfikia karibu kama yeye.

"Hapana," alisema nyuma ya ukuta. "Mrushie jiwe, mwanangu, kabla hajakuzoea."