Goti Langu na Ng'ombe wa Mahari

Kwetu, mzee akiumwa mguu, heshima humpokonya kazi yote ya mguu huo. Goti langu la kulia lilipoanza kuuma, nyumba yangu ya hapa Somanda iligeuka kuwa kiti. Mkwe wangu, mke wa kijana wangu, aliniletea maji ya kunawa palepale nilipoketi. Wajukuu walileta viatu. Nikijaribu kunyanyuka, sauti zilitoka pande zote: "Kaa, guku, sisi tupo!" Guku kwa lugha yetu ni babu. Walitenda kama watoto waliolelewa vema, na kwa malezi hayo sina lawama. Lakini pamba ilipopandwa nilikuwa natembea. Ilipovunwa, nilikuwa nashika kuta kwenda chooni, na paja langu limesinyaa.

Msimu huohuo posa ya mjukuu wetu wa kike ikakubaliwa. Katika ukoo wetu upande wa binti huenda nyumbani kwa kijana kukagua ng'ombe wa mahari, na anayekagua huingia zizini mwenyewe. Ng'ombe wa binti zangu wote niliwakagua mimi. Mdogo wangu alijitolea kwenda Lalago, nyumbani kwa kijana, badala yangu. Ni mtu mwema asiyejua kukataa. Angepewa ng'ombe asiye na meno, akashukuru.

Washauri hawakukosekana. Jirani mmoja alisema ute wa goti ukishakauka, kutembea ni kusaga mfupa. Nilimwuliza amejuaje. Akasema kila mtu anajua. Mwingine alimtaja mtu wa Kiloleli aliyefanyishwa mazoezi hospitalini akarudi amepooza. Nikamtaka anioneshe nyumba ya mtu huyo. Hakuijua, alikuwa amesimuliwa na mtu ambaye naye alisimuliwa. Nimesahihisha mitihani maisha yangu yote ya kazi, na jibu la "kila mtu anajua" sijalipa alama hata mara moja.

Mke wangu, aliyekuwa akipeta mchele, aliuweka ungo chini.

"Mzee wa ushahidi," akasema, "umewahoji wote isipokuwa aliyesomea magoti. Au unaogopa kwamba yeye atakujibu?"

Tukaenda hospitali. Daktari alinipiga picha, akasema gegedu la goti, ule mto laini kati ya mifupa, limelika, kisha akanipeleka kwa mtaalamu wa mazoezi tiba. Alikuwa binti wa rika la wajukuu wangu. Alipiga goti, akaniamkia, "Mwangaluka, guku," na papo hapo akaniamuru nisimame kutoka kitini bila kushika kitu. Sikuweza.

"Umekaa mno, guku."

"Nimekalishwa."

"Paja haliulizi nani alikukalisha."

Nilimwuliza kama maumivu yatakwisha. Alisema hawezi kuniahidi hilo. Gegedu lililolika halirudi, ila msuli wa paja ukipata nguvu utalibebea goti mzigo, na maumivu yatapungua. Akauliza nataka kufika wapi.

"Zizini," nikasema. "Katikati ya ng'ombe."

"Basi tujiandae na zizi."

Hapo nikamwamini, kwa sababu alikuwa amekataa kuahidi. Alinifundisha kukaa na kusimama polepole, kukandamiza khanga iliyoviringishwa chini ya goti, kupanda na kushuka kizingiti, na kutembea mahali penye mabonde. Fimbo aliihamishia mkono wa kushoto. Nilimbishia, kwa kuwa wazee wote ninaowafahamu huishika upande unaouma. Hakubishana nami, alinitembeza kwa mkono huu, kisha kwa ule, nikapima mwenyewe. Kushoto kulikuwa sahihi. Kuhusu maumivu aliniwekea kanuni: yakitulia kabla ya kulala, niendelee, yakiamka nami asubuhi, nipunguze.

Nyumbani ndiko kulikokuwa na vita. Mkwe wangu alikuja na beseni kama kawaida; nikamwambia aliache pale bombani, nitalifuata. Alimtazama mama mkwe wake kwa macho ya kuomba msaada.

"Mwache," mke wangu akamwambia. "Akianguka, atadai ushahidi kwamba ameanguka."

Sikuanguka. Ziko asubuhi nilizoamka na maumivu nikapunguza, lakini mazoezi sikuyaacha, na siku ya Lalago ilipofika niliteremka garini kwa miguu yangu.

Wenyeji walikuwa wametutengea viti kivulini. "Kaeni, wakwe. Tutawapitisha ng'ombe mbele yenu." Mdogo wangu akaketi. Mimi niliomba lango lifunguliwe. Ardhi ya zizi ilikuwa imechimbika kwa kwato, na ng'ombe walisukumana, lakini fimbo ilikuwa kushoto na paja lilishika. Nilipita katikati yao mmoja mmoja, hadi nilipomfikia mtamba mweupe, mnene, ambaye mdogo wangu alikuwa amekwisha kumsifu kutoka kitini. Mtamba huyo alikanyagia mguu mmoja wa nyuma kwa woga.

"Huyu anachechemea," nikasema.

Babu wa bwana arusi akapaza sauti kutoka kivulini: "Mchechemeaji humtambua mwenzake!"

Zizi zima likacheka, nami nikacheka. "Ndiyo maana mlitamani nikae," nikamjibu. Wakamtoa, wakaleta mwingine aliye mzima.

Tulipomaliza, babu yule alikuja hadi langoni akijikokota, goti lake limefungwa kitambaa. Alinitaka nimfundishe mazoezi hayo palepale. Nilikataa. Nilimwambia goti lake sijui lina nini, naye hajui. Aende akapimwe na wenye taaluma, asiwe mtu wa kutibiwa kwa masimulizi yangu.

"Lakini lako limepona?" akauliza.

"Linauma hata sasa," nikamwambia, na sikuketi, kwa sababu ng'ombe wetu walikuwa wanaanza kutoka na nilitaka kuwaona wote wakitembea.