Dakika Nane

Zamani, kwenye ofisi ya kusajili vizazi na ndoa, walimwita Bwana Rejista. Ungemtajia mwaka tu, naye angekwenda moja kwa moja kabatini na kukutolea kitabu chenyewe. Alifanya hivyo miaka ishirini na miwili, mpaka walipokuja wataalamu wenye tai wakasema serikali iendeshwe kama biashara. Biashara gani, sijui, ya kuwauzia watu vyeti vyao wenyewe. Mwananchi akawa mteja, mtumishi akapewa mkataba wa mwaka mmoja mmoja, na kila mteja akapangiwa dakika nane. Ukizidisha, kompyuta inaipaka wiki yako rangi nyekundu. Wiki tatu nyekundu, mkataba hauongezwi. Yeye tayari alikuwa nazo mbili.

Ujanja aliujua upesi, na aliuchukia. Ukimtuma mteja akalete karatasi nyingine, tikiti yake ya foleni inafungwa na kompyuta inaandika: amehudumiwa.

Jumatatu alikuja mama mjane kutafuta nakala ya cheti cha ndoa. Mashemeji walikuwa wanamtoa nyumbani, wakidai hakuolewa, na kesi ingesikilizwa Ijumaa. Rekodi ilikuwa stoo, kwenye vitabu vya zamani, na kuipekua kungechukua saa mbili. Ufunguo nao ulishikwa na kampuni ya ulinzi, hautolewi bila tikiti iliyo wazi, na tikiti ikiwa wazi saa inahesabu. Basi akamtuma akalete barua ya utambulisho. Jumatano akamtuma akalete picha.

Alhamisi mama alirudi na vyote, amevipanga vizuri kwenye bahasha. Bwana Rejista alikijua kitabu: rafu ya nyuma, jalada la kijani, pembe moja imeliwa na mchwa. Akawafikiria wanawe wawili, na umri wake wa miaka hamsini na mmoja. Nani angemwajiri tena?

"Imebaki hati ya kiapo, mama."

"Kesi ni kesho saa tatu, mwanangu."

"Sisi tunafungua saa mbili na nusu," alisema, akaichukia sauti yake mwenyewe.

Mama akainuka polepole. Mlangoni palikuwa na kifaa cha wateja kupima huduma, chenye vitufe viwili, uso unaocheka na uso ulionuna. Akabonyeza unaocheka, kisha akageuka.

"Kwenye madirisha mengine wananifokea," alisema. "Wewe angalau unaniita mama."

Kwenye kompyuta, wiki ya Bwana Rejista ikawa ya kijani. Akaita namba inayofuata.