Nilimlaza Ili Picha Itoke Nzuri

Sikusomea eksirei. Nilianza kama mfagiaji katika hospitali ndogo upande wa Geita, nikajifunza kwa kumtazama fundi, na alipohamishwa nikabaki mimi na kitabu chake. Picha yenye ukungu ilinitia hofu: watu wangejua sikusomea.

Asubuhi hiyo wachimbaji walimleta mwenzao kutoka Rwamgasa. Mpini wa winchi ya kupandishia udongo ulimponyoka, ukampiga tumboni. Tumbo lilikuwa gumu kama ubao. Daktari alitaka kujua kama utumbo umetoboka kabla hajampasua.

"Ulaya siku hizi kuna mashine inayopiga picha za tumbo kipande kwa kipande, kama mkate uliokatwa," aliniambia. "Mimi nina wewe. Mpige akiwa amekaa."

Kila alipokaa alitetemeka kwa maumivu, na mtetemo huharibu picha. Nikamlaza. Ilitoka picha safi kuliko zote nilizowahi kupiga, mbavu zilihesabika. Daktari aliiinua dirishani.

"Sioni hewa. Tusubiri."

Nikaichukua picha, nikatoka.

Nilirudi kwenye kitabu nikijua kilichoandikwa. Utumbo ukitoboka, hewa huvuja, na mgonjwa akikaa, hewa hiyo hupanda hadi juu ya ini, ikaonekana. Akilala husambaa, isionekane. Nilisoma mara tatu, kana kwamba maneno yangebadilika. Saa mbili zilipita hivyo. Kisha nikamsikia mgonjwa akigumia wodini, nikaenda kwa daktari.

"Daktari, nilimlaza."

"Kwa nini?"

"Nilitaka picha nzuri."

Alinitazama. "Kamkalishe."

Wachimbaji wenzake wawili walimshika mabega dakika kumi, hewa ipate kupanda.

"Kaa kama mtemi," mmoja alimwambia. "Leo tunakushikia kiti."

"Mtemi gani anajikojolea," alijibu, meno ameyauma.

Picha ya pili ilikuwa mbaya: imepinda, mbavu zimejirudia. Lakini juu ya ini palikuwa na mstari mweusi, mwembamba kama ukucha uliokatwa. Niliipeleka ikidondosha maji. Daktari aliita watu wa upasuaji, kisha akanigeukia.

"Saa mbili tumepoteza. Andika kwenye karatasi yake, kwa mkono wako."

Niliandika.

Mgonjwa alipona, ingawa usaha ulimchelewesha kitandani. Alipoweza kuongea vizuri nilimweleza kila kitu, hadi zile saa mbili. Alifikiri kidogo.

"Kumbe," alisema. "Uliponilaza, niliona wewe peke yako ndiye mwenye huruma."